Kombe Nililolipiga Msasa

Siku yangu ya kwanza kazini niliharibu kitu ambacho hakikuwa na mwenzake. Ilikuwa miaka ya sitini inaishia, nami msichana wa Tabaka nimeajiriwa kutunza maabara ya shule moja ya upili upande wa Ekerenyo. Bahari sikuwa nimeiona hata kwenye picha.

Mwalimu wa baiolojia alinikabidhi boksi la makombe, magamba ya viumbe vya baharini, aliyoyaokota ufukweni Malindi.

"Safisha hizi, Kerubo. Kesho tutazipanga."

Kwetu wanaume huchonga mawe laini, na wanawake huyasugua kwa msasa na maji mpaka yang'ae. Nikafanya nilichokijua. Nilianza na kombe kubwa kuliko yote, lenye matuta na madoa, nikalisugua likawa laini kama yai. Nikajiona fundi kwelikweli.

Mwalimu aliligeuzageuza mkononi. "Kerubo, matuta ndiyo tunasomea jina. Na hii nilikuwa bado sijaijua."

Nililia, nikijua nimefukuzwa. Yeye akaandika kikaratasi, "Halijulikani", akakibandika kwenye kombe. "Kaa. Utajifunza na hizo zingine."

Nikajifunza. Yale ya vipande viwili vinavyofunguka kama kitabu ni ya chaza na jamaa zake. Yaliyojisokota ni ya konokono wa bahari. La konokono ulishike ncha juu, mdomo ukutazame: karibu kila mara mdomo utakuwa kulia. Mchana wa mvua, ukungu ukiwa umeifunika michai, nililiweka lile kombe nililoliharibu sikioni, likavuma kama mawimbi, nikasahau nilipo.

"Kerubo, umelala ama uko kazi?" Mwalimu Mkuu aliniuliza mlangoni.

"Niko Malindi, Mwalimu."

Nilipohamishiwa Keroka, mwalimu wangu alinipa lile kombe. "Ukiijua, uniambie." Nililibeba kila shule niliyopelekwa, na aibu yangu ndani yake.

Nilipostaafu nikapanda basi hadi Malindi. Ufukweni nilikuta makombe tele yamelainika kama langu, kazi ya mchanga na mawimbi. Kumbe hata bahari inapiga msasa! Nilicheka peke yangu. Siku ya tatu nikaokota moja lililolika upande mmoja tu. Mdomo ulikuwa uleule wa kombe langu, na upande wa pili matuta yote yapo.

Nikampelekea mwalimu wangu wa baiolojia kwake Magwagwa. Macho yake yalikuwa yameshapofuka. Nilimwekea kombe kiganjani, akapitisha kidole gumba kwenye matuta, polepole, tuta kwa tuta, kisha akatabasamu.

"Kumbe ni wewe," akaliambia, akalitaja jina lake.

Nikatoa kalamu na kombe langu la zamani, nikalikata neno "Halijulikani" kwenye kile kikaratasi.