Dohani ya Baba

Baba yangu alikuwa mwalimu wa jiografia hapa Bunia, na aliupenda moshi wa viwanda kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua. Hakuwahi kuuona. Alikuwa akiuchora tu kwa chaki: dohani ndefu za nchi za mbali, wanakochimba makaa ya mawe na kuzilisha mashine usiku na mchana. "Nchi yenye moshi ni nchi yenye kazi," alitufundisha. Nami, niliyeketi darasani mwake huku nikiogopa kumwita baba mbele ya wenzangu, niliamini kabisa kwamba siku moja dohani kama hizo zitaota nyuma ya soko letu, na sote tutavaa viatu.

Leo mimi ndiye ninayelifundisha somo lile, na limegeuka. Nawaambia wanafunzi kwamba nchi zinazojenga viwanda vyake sasa zinachoma makaa ya mawe mengi kuliko jana, na hewa chafu inayotoka humo inaifunika dunia kama blanketi alilofunikwa mtu ambaye hakuhisi baridi. Ninasema hivyo bila kusita, maana hata mvua za Ituri zimeanza kuja kama mgeni asiyeujua mlango. Lakini nikisikia redioni mtu aliyekwisha kula akashiba akimwambia mwenye njaa kwamba moshi wake unanuka, hasira zinanipanda. Halafu nacheka peke yangu, na wanafunzi wanatazamana. Ninacheka kwa sababu ya harusi ya dada yangu.

Ilikuwa miaka ya vita. Kabla ya hapo makala, ndivyo tunavyoyaita makaa ya kupikia, yalikuja kwa baiskeli kutoka upande wa Mongbwalu, magunia yamezibwa majani mdomoni. Njia zilipofungwa, wauzaji hawakuonekana tena. Nasi tuliyahitaji makala kuliko zamani, kwa sababu makala hayatoi moshi. Moshi juu ya paa ulikuwa kama mtu anayepiga kelele: huku kuna watu, huku kuna chungu. Wenye bunduki waliusoma vizuri kuliko tulivyosoma sisi vitabu vya baba.

Kwa hiyo mama alipika kwa kujificha. Alichuchumaa jikoni, mlango umerudishwa, akapuliza vipande vichache vya makala kwenye babula, jiko letu dogo la bati. Chakula kikiiva alivizima kwa maji, akavianika, kesho yake akaviwasha tena. Makala yalipokwisha tukaingia kwenye kuni, na moshi tukauacha humo humo jikoni, ujipenyeze polepole kwenye nyasi za paa mpaka upotee. Tulikuwa na macho mekundu kama walevi, na hatukuwa tumeonja hata tone.

Basi dada yangu alikuwa ameposwa. Harusi ilikuwa imeshaahirishwa mara kadhaa kwa sababu ya mapigano, na sasa wakwe walituma ujumbe: Jumamosi, kukiwa kimya, watakuja kumchukua bibi arusi, kisha ukoo wao wote uondoke kwenda Mahagi, karibu na mpaka wa Uganda, na mwana wao pamoja nao. Wasipokuja Jumamosi, basi tena. Dada alikonda, na kila jioni alisimama uani akitazama upande wa nyumba ya mchumba wake, kana kwamba angeweza kuiona.

Kwetu wakwe hawapewi chakula kilicholala. Kinapikwa siku ile ile, kinatolewa kinachemka, la sivyo watasema binti ametolewa kwa moyo nusu. Mama alikuwa na mbuzi mmoja, majani ya muhogo ya sombe, na ndizi za kuponda lituma. Makala hakuwa nayo. Alikuwa na magogo ya mkaratusi yaliyolowa mvua ya wiki nzima.

"Moshi ya hii kuni itatuua kabla ya waasi kutuua," mama alisema asubuhi ile ya Jumamosi, akikohoa.

Baba akasimama mlangoni. Uso wake uling'aa nikajua tumekwisha. "Mama ya watoto, acha kulia. Mie nitakujengea shemine, dohani ya kweli."

Akang'oa mabati ya bafu letu. Mama akauliza wakwe wataogea wapi. Baba akajibu kwamba wakwe wanakuja kula, hawaji kuoga. Akayaviringisha mabati, akayafunga kwa waya, akatoboa paa la jikoni, na kwa kuwa nyasi zilikuwa zimelowa chapachapa hakuna aliyeogopa moto. Bomba lilisimama likiwa limepinda kidogo, refu kupita nyumba. Miaka yote ile alikuwa akiichora dohani, na sasa alikuwa na yake.

Tukawasha. Na mnajua? Ilifanya kazi! Moshi ulifyonzwa wote, jikoni kukawa kweupe, mama akafumbua macho yake mawili kwa pamoja, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu njia zifungwe. "Eee, mwalimu!" alisema, na baba akajifanya hakusikia ili aseme tena.

Kisha mama akatoka kuchota maji. Tukasikia ndoo ikianguka.

Tulimkuta ameshika kichwa. Juu ya jiko letu moshi mzito ulikuwa umesimama wima, umeipita mikaratusi, unaenda zake mbinguni bila haraka. Katika mji mzima haukuwepo mwingine. Mwalimu wa jiografia alikuwa amesahau kitu kimoja kuhusu dohani: kazi yake ni kuupandisha moshi mahali kila mtu atauona.

"Zima!" mama alinong'ona. "Zima, weye mwanaume, inaonekana mpaka Mudzipela!"

Baba aliutazama. Kwanza niliona fahari usoni pake, naapa, halafu ndipo hofu ikaja. Akachukua maji. Lakini nyama ilikuwa bado mbichi, ndizi ndiyo kwanza zinachemka. Kuzima moto kulikuwa kuizima harusi.

Dada akatoka ndani, nywele zimesukwa upande mmoja tu. Akamnyang'anya baba ile ndoo. "Acheni iwake," alisema. "Nimechoka kupika kama muizi."

Tulirudi jikoni tukapika huku tumetega masikio. Sombe ilipoiva tulisikia miguu ya watu wengi ikija kando ya ua, na maneno ya chini chini. Mama akanivuta nyuma yake. Baba akasimama mbele yetu na mwiko mkononi, silaha pekee tuliyokuwa nayo.

"Hodi!" ikaita sauti ya mwanamke. "Hodi, benye nyumba!"

Ilikuwa shangazi wa bwana arusi, na nyuma yake mbuzi wanavutwa kwa kamba, na nyuma ya mbuzi bwana arusi mwenyewe, viatu vimejaa matope. Shangazi alimkumbatia mama kwanza, kabla hata ya salamu, akaanza kulia.

"Mukwe wangu, tulikuwa tunarudi," alisema. "Pale sokoni walituambia kartie yenu, mutaa yote, ilikimbia, hakuna mutu. Tukageuza mbuzi. Halafu huyu kijana akaangalia nyuma, akasema: muone kule, moshi iko inatoka kwao. Mutu mwenye kufa hapiki. Siye tukasema: wako hai! Wako hai, na wanatungojea!"

Dada alicheka. Alicheka kwa sauti, mbele ya wakwe, nywele upande mmoja zimesimama, na bibi arusi hachekagi hivyo kwetu, lakini shangazi naye akacheka, na baba, na mwiko wake ungali juu.

Mama hakucheka. Alipangusa macho kwa kitenge, akaingia jikoni, akachagua gogo lililolowa kuliko yote, akalisukuma motoni.