Mkolombia wa Ghorofa ya Nne

Mkolombia aliyesafisha ofisi pamoja na Annonciata pale Croydon, London, mwaka 1999, hakujua kutulia. Alibandika misemo ya Kiingereza kwenye mpini wa ufagio, akainong'ona akifagia, mguu ukigonga sakafu. "Waingereza wakisema mtu ni mzima kama fidla," alimwambia mwenzake, "hawazungumzii muziki. Sisi kwa Kihispania hatuna hiyo." Annonciata alicheka: "Mama, pumzika kidogo!" Yeye Kiingereza cha kuombea sabuni kilimtosha.

Ijumaa moja meneja alipita na mgeni, akasema mbele yao, bila hata kushusha sauti, kwamba wakati umefika wa kukata matawi makavu. Annonciata alichungulia dirishani kutafuta mti. Mkolombia aliegemeza ufagio ukutani.

"Bwana, matawi makavu ni sisi? Tuambie sasa, nani anafukuzwa?"

Meneja aliiva uso. Akakiri: wote wawili, mwisho wa mwezi, barua zingewafikia siku ya mwisho. Basi wakapata wiki tatu za kutafuta kazi nyingine, wiki ambazo hakuna aliyekusudia kuwapa.