Tela la Askari na Sufuria ya Sikio Moja

Siku Aubrey aliposema mama yake hana haja ya kubeba sufuria mwaka huu, Bi Sanna Jantjies alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi. Alikikamua kitambaa kile kwa nguvu, ingawa kilikuwa kikavu.

"Sina haja ya nini?"

"Ya sufuria, Mama. Wala kabati, wala mapazia, wala ule mkeka wa plastiki. Verona amepata nyumba ya kupanga huko huko pwani, ya matofali, ina bwawa la kuogelea. Krismasi hii tunapumzika. Mama unakuja na kibegi chako tu."

"Kibegi."

"Kidogo, Mama. Pikapu itajaa watoto."

Kibegi! Mwanamke aliyefungasha zabibu za watu mpaka vidole vikapinda, akazaa, akazika mume, akajenga jiko kwa mikono yake, leo anaambiwa aje na kibegi kama mgonjwa anayekwenda kulazwa. Na wazo lenyewe si la Aubrey. Aubrey hajawahi kuwa na wazo tangu aoe. Wazo ni la Verona, mkewe, msichana wa mjini ambaye kwao hutia sukari hata kwenye maharage.

Sasa, watu wa Rietkloof hupiga kambi Witklip, ufukweni, kila Desemba, tangu enzi za mikokoteni ya punda. Witklip haina karani wala namba za viwanja. Mahali hushikwa na sufuria. Siku ya kufungua kambi, kila familia huteleka sufuria pale ilipokaa mwaka uliopita, na ikichemka kabla ya jua kuzama, pale ni pao mpaka mwaka mpya uingie. Isipochemka, mwenye kupataka apachukue, na hakuna ugomvi. Kuna na la pili, ambalo halisemwi kwa kuwa hata mtoto analijua: mkono uliochemsha sufuria ndio wenye jiko. Mwenye jiko ndiye anayesema nani akate vitunguu, nani achote maji, nani ale kwanza. Wengine wote ni wageni wake.

Mahali pa akina Jantjies ni nyuma ya jabali jeupe, upepo usipofika. Mama yake Bi Sanna alipika pale. Kisha ikaja serikali ile, ikasimamisha kibao kwamba pwani ni ya Wazungu, na asubuhi moja wakaja askari na matela ya kijani. Sanna alikuwa msichana wa suruali za kurithi. Aliona mahema yakitupwa ndani ya tela, magodoro, viti, na sufuria ya mama yake juu ya vyote, ikingali na mchuzi. Wakaenda kuvimwaga vyote njia panda, mavumbini, wakaondoka. Sufuria ikavunjika sikio moja. Mama yake alikaa kando ya vile vyombo mpaka kesho yake, maana hapakuwa na wa kuvibeba.

Watu walirudi Witklip Sanna akiwa na mvi. Na sasa mwanawe wa kumzaa anamwondoa tena, bila hata bunduki!

Hakubishana na Aubrey. Alivaa kofia yake ya kanisani, akamfuata Apools, mzee wa kanisa aliyefiwa na mke, mwenye trekta kuukuu, akamwambia: "Nipeleke kwenye ule mnada wa vitu vya jeshi."

"Dada Sanna, unataka nini huko?"

"Ninataka nipelekwe. Maswali utayauliza tukirudi."

Mnadani walikuwapo wanaume tu, wa kaptura na miguu myekundu, wanaotafuta vitu vya kwenda navyo kuwinda. Mmoja alimwona amesimama mbele ya tela la magurudumu mawili, la bati nene, kijani kile kile. Akacheka. "Bibi, unakwenda vitani?"

"Vita viko nyumbani kwangu, mwanangu. Wewe pandisha dau tu uone."

Alilipata. Alilipa kwa akiba aliyoiweka kwa ajili ya jeneza zuri. Alisema hata mbao nyepesi hufika chini.

Lilipofika uani, jirani walikuja kulitazama kwa mbali, kama mbwa asiyejulikana. Walimsihi alipake rangi. Rangi ile wengi hawakuipenda machoni.

"Sipaki," alisema Bi Sanna. "Nataka kila mtu aone lilikuwa la nani, na sasa ni la nani."

Wiki nzima alimwendesha Apools kama punda wa kukodi. Ubao wa nyuma ulining'inizwa kwa minyororo, ukishushwa unakuwa meza ya kukatia nyama. Kabati la vyombo likafungwa ndani kwa bolti, ubavuni likakaa debe la maji na mahali pa mtungi wa gesi. Yale matao ya chuma ya turubai ya askari, Bi Sanna aliyatundikia mapazia yake ya lesi. Na mbele kabisa, kwenye ndoano aliyoichagua mwenyewe, sufuria ya sikio moja.

Aubrey alipokuja alilizunguka tela mara mbili. Alicheka, kisha akaacha kucheka.

"Mama, hili halifungiki. Pikapu ina tufe nyuma, tela linatakiwa liwe na kikombe cha kulikalia. Hili lina pete. Tazama, ngumi inapita! Litavutwa na nini, kifaru?"

"Pikapu yako ikikosa kitu, usinililie mimi."

"Basi nitaikata hiyo pete, nichomelee kikombe."

"Thubutu!" Bi Sanna alisimama mbele ya tela na mwiko. "Ukate pete hiyo nikukate sikio. Nimenunua kitu kizima."

Apools alikohoa kidogo. "Mbona pete hiyo inaingia pini ya trekta yangu, Dada Sanna. Kama kidole na pete ya harusi."

"Wacha harusi. Leta trekta."

Kwa hiyo siku ya kufungua kambi Bi Sanna alitoka Rietkloof alfajiri, amekaa juu ya madigadi ya trekta na mwavuli wazi, Apools usukanini, tela nyuma na mapazia ya lesi yakipepea. Watu walitoka milangoni wakapiga vigelegele. Yeye hakugeuza shingo. Ni mwendo wa polepole, trekta ile haina haraka na mtu, lakini sufuria ingefika mchana, na mchana ni mapema.

Ingefika. Njia ya Witklip ni moja tu na kila kitu hupita njia panda ile, na hapo hapo gurudumu la kushoto likatoa pumzi. Tela likainama. Kabati likalia kwa ndani.

Gurudumu la akiba lilikuwapo, na spana kubwa pia. Apools alikaa chini akahangaika na nati ya kwanza mpaka mishipa ikamtoka. Haikutikisika. Jua likapanda, likavuka utosi, likaanza kushuka. Ndipo pikapu ikatokea, imejaa watoto na maboya ya kuogelea, ikienda kwenye nyumba yake ya matofali.

Aubrey alishuka. "Mama jamani. Tuliache hapa. Panda, twende, kesho nitaleta fundi."

"Hapa?" Sauti ya Bi Sanna ilikuwa ndogo, na Aubrey alijua sauti ndogo ya mama yake ni mbaya kuliko kubwa. "Vyombo vya mama yangu vililala hapa. Vyangu havilali. Shika spana."

Aubrey alishika spana. Hakuna kitu.

"Simama juu yake! Wewe mwanaume au pazia? Ruka!"

Aubrey aliruka. Chuma kikalia *ka!* na yeye akaanguka kwa makalio. Nati haikufunguka. Bolti nzima ilikuwa imekatika.

"Nyingine," alisema Bi Sanna.

"Mama, itakatika nayo."

"Nyingine!"

Ikakatika nayo. Zikabaki tatu.

Verona alikuwa ameshuka, amesimama na viatu vyake vyeupe katika vumbi. Akasema polepole, "Mama, labda inafunguka kinyume. Kama mtungi wa gesi."

"Gari si jiko."

"Nimesema labda tu."

"Nimesikia ulichosema. Kaa na labda yako."

Verona alitazama jua, kisha sufuria kwenye ndoano yake. "Basi nipe sufuria."

Apools alianza kukagua viatu vyake kana kwamba amevinunua leo.

"Sufuria haihitaji gurudumu," alisema Verona. "Nitakwenda nayo kwa pikapu. Nitaiteleka nyuma ya jabali. Mama ukimaliza utatukuta."

Utatukuta! Kila mtu pale alijua neno lile lina nini ndani. Verona akiichemsha, jiko ni la Verona. Bi Sanna atafika kwenye mahali pa mama yake kama mgeni, na kumbe amenunua tela zima ili asifike hivyo. Na asipoitoa, jua litazama, pale patakuwa pa watu wengine, na akina Jantjies hawatakuwa na mahali Witklip, safari hii kwa kiburi cha mmoja wao. Angeweza kupanda pikapu na sufuria yake mapajani, lakini angeliacha tela na vyombo vyote njia panda. Hilo hakuweza. Miguu yenyewe ilikataa.

"Na nyumba yako ya bwawa?" aliuliza, kwa ukali, ili asiulize kingine.

"Bwawa halitakauka leo, Mama."

Bi Sanna aliitungua sufuria mwenyewe. Aliwapakatisha watoto, si mkwewe. "Maji tu," alisema. "Yachemke, basi. Usitie kitu. Usitie sukari!"

Pikapu ikaondoka, Verona usukanini. Bi Sanna aliitazama mpaka vumbi likatua, hasira zimemjaa mpaka kofia inamwasha. Kama mtungi wa gesi! Msichana hajawahi kuosha sufuria ile hata mara moja, leo anamfundisha magari! Akamnyang'anya Aubrey spana.

"Njoo uone," alisema. "Njoo uone mkeo alivyo mjinga. Eti kinyume. Haya, kinyume!"

Akasukuma kinyume. Nati ikaachia kwa upole, kama kifuniko cha chupa.

Aubrey alifungua kinywa.

"Usiseme," alisema Bi Sanna.

"Sijasema, Mama."

"Unafikiri. Usifikiri."

Upande wa kushoto wa matela yale nati zote zilifungwa kinyume, wenyewe walijua kwa nini. Tatu zilizobaki zilifunguka, gurudumu likabadilishwa, na kwa bolti tatu Apools aliendesha taratibu zaidi, kama amebeba mayai. Njia nzima Bi Sanna aliigombeza nati ile, na jeshi lililoitengeneza, na zabibu, na serikali ile na hii. Apools aliitikia, "Kweli, Dada Sanna," kila palipohitajika.

Walifika jua limeshaingia baharini nusu. Kambi yote ilisimama kulitazama tela. Wazee walilitazama kwa muda mrefu, na mmoja alivua kofia. Lakini Griet Plaatjies, ambaye familia yake hukaa upande wa upepo na imelimezea mate lile jabali kwa miaka, aliweka mikono kiunoni, akaita kwa sauti ya kwaya:

"Sanna! Karibu! Karibu kwa Verona!"

Watu walicheka. Bi Sanna alishuka akatembea mpaka kwenye mstari wa mawe madogo ambao mama yake aliupanga, akasimama nje yake. Hakuvuka. Ndani, moto ulikuwa unawaka, sufuria ya sikio moja juu yake inatoa mvuke, watoto wamezunguka na sahani. Verona alikuwa amewapa mgongo, viatu vyeupe si vyeupe tena. Akisema karibu tu, mambo yamekwisha. Karibu ni neno la mwenye nyumba.

Verona aligeuka. Jasho lilikuwa limemgandisha nywele usoni. "Mama, umechelewa!" alisema. "Wali unashika chini. Mimi siujui moto wa sufuria hii, ina upande unaounguza!"

"Nilisema maji tu!"

"Watoto wana njaa."

"Na ninanusa nini? Mdalasini?"

"Mdalasini kidogo."

"Ebo! Mdalasini kwenye wali wa kondoo!" Na bila kutazama chini Bi Sanna alikuwa ameyavuka mawe, mkono mbele. Verona akaweka mwiko katika mkono ule. Bi Sanna akaizungusha sufuria, upande unaounguza ukatoka motoni, akaonja, akakunja uso mpaka macho yakapotea. Akaonja tena.

Kisha akamgeukia Griet Plaatjies, aliyekuwa bado amesimama na mikono kiunoni. "Griet, umeshangaa nini? Hujapata kumwona mtu akipika na mkwewe? Rudi kwako, upepo unazima moto wako."

Aubrey na Apools walilisukuma tela mpaka ubavuni mwa jabali, wakashusha ubao wa nyuma. Verona alikwenda kwenye kabati kutafuta sahani. Bi Sanna alimwacha atafute.

"Aubrey!" aliita, bado amekasirika. "Usisimame kama nguzo. Kafunge mtungi wa gesi. Na muulize mkeo unazunguka upande gani."