Kamiyoneti Ilipoacha Kuimba

Kuna siku moja naikumbuka, mwanangu, kila ninapoona kijana akipapasa boneti ya gari yake kama mtu anayepapasa ng'ombe mpya. Jana nimekuona mbele ya nyumba ya mama yako. Umeiinua pikapu yako, umeivisha matairi manene, umeifungia taa juu ya kichwa, na watoto wa Juru wanaizunguka kama harusi. Imependeza. Sisemi kwa wivu. Mimi mwenyewe nilisimama nikaitazama mpaka chai yangu ikapoa, ndiyo maana nimekuita. Vuta hicho kigoda, ukae.

Nilikuwa kijana, nimetoka Fizi, Kongo, si zamani, nalima maharage na mahindi hapa hapa Juru, kwenye makazi ya wakimbizi, na kuyapeleka sokoni juu ya baiskeli. Wenzangu walitamani nyumba ya mabati, wengine walitamani kupelekwa ng'ambo. Mimi nilitamani kamiyoneti, hizi mnazoziita pikapu. Nikisikia moteri nyuma ya kilima, ningekuambia ni gari gani kabla haijatokea. Ugonjwa huo hauna dawa. Wewe unaujua.

Niliipata Mbarara, kwa mjane mmoja aliyekaa karibu na kambi ya jeshi, jina lake Mama Kobusingye. Mume wake alikuwa dereva wa jeshi, na alipostaafu alinunua pikapu nyeupe, akaiendesha mpaka maradhi yalipomlaza. Alifia kitandani mwake. Shika hilo, maana watu baadaye walisema mengi: hakufia ndani ya gari. Miaka yao yote mama huyo alikaa kando yake kwenye kiti cha mbele, wakipeleka ndizi Kikagate, mpakani, na kurudi na mchele.

Tulipokwisha kuelewana alinipa ufunguo, lakini hakuuachia. Tukawa tumeushika sote wawili. Akaniambia kwa Kiswahili chake cha kambini:

"Kijana, hii gari inaimba. Wewe usiogope. Lakini siku itanyamaza, simama, toa watu chini."

Nilitabasamu kwa adabu. Nilidhani ni uchungu wa mjane, na uchungu hauulizwi maswali.

Nikaondoka. Lami ikaisha, nikaingia barabara ya vumbi inayoteremka kuelekea ziwa. Ilikuwa mchana, jua linawaka, hakuna kitu cha kumtisha mtu. Pale kwenye mteremko nikasikia mtu akivuma kwa mdomo uliofumbwa, nyuma ya kisogo changu. Si mlio wa chuma. Nimezaliwa na masikio mazuri, na chuma nakijua. Ile sauti ilipanda taratibu, ikakaa juu kidogo, ikashuka kama mtu anayekaa kitini amechoka. Kisha ikaanza tena. Nikageuka. Nyuma ya kiti palikuwa na jeki na gurudumu la akiba, basi. Nikapunguza mwendo, ikafifia. Nikaongeza, ikarudi. Nywele za shingo zilinisimama mpaka nikafika nyumbani.

Sikumwambia mke wangu. Lakini safari yake ya kwanza, Neema hakumaliza hata kilima kimoja kabla ya kunishika mkono.

"Nani huyo anaimba?" akaniuliza.

Nikamjibu kuwa ni upepo. Akatazama mbele, na sikumwona akiegemea kiti mpaka tulipofika.

Na watu niliowabeba nyuma pamoja na magunia yao walisikia pia. Mara ya kwanza walidhani ni mmoja wao, wakacheka. Baadaye wakaacha kucheka. Wengine wakaanza kupendelea kutembea. Mzee mmoja wa kanisa letu akaniletea ushauri kwamba niiuze, kwani kitu kisicho na roho hakiimbi. Lakini mwanangu, kilichonisumbua zaidi hakikuwa ndani ya gari. Siku moja nilirudi shambani nikamkuta Neema anapepeta maharage, akivuma ule wimbo. Uleule, unapanda, unakaa, unashuka. Nilipomuuliza anaimba nini, aliniambia hakuwa anaimba kitu. Aliapa. Na baada ya hapo niliusikia kisimani, kwa wanawake wanaojaza madumu, na kwa fundi cherehani ambaye alipanda gari yangu mara moja tu. Hakuna aliyejua kwamba anauvuma. Ukiwauliza, walikutazama kama mtu mwenye homa.

Ungeuza? Watu waliniuliza hivyo. Wewe unajua jibu. Kipenda roho hula nyama mbichi.

Badala ya kuuza, nilianza kuipamba. Nilikuwa na fundi Mbarara, kijana mwerevu aitwaye Sula, ambaye alipenda magari kama mimi. Tukaiongezea majani ya springi ili ikae juu na ibebe zaidi. Tukaifungia chuma cha mbele na taa kubwa, tukabadilisha matairi. Sula aliitafuta ile sauti, akagonga hapa na pale, hakuiona. Akanifungia redio yenye spika nzito nyuma ya kiti, mahali palepale sauti ilipotokea. Tangu siku hiyo nyimbo za dini ziliifunika, abiria wakarudi, nami nikajiona nimeshinda.

Nikaona vema nimwonyeshe mjane jinsi gari yake ilivyopata ujana mpya. Nikaenda na Neema. Mama Kobusingye alitoka uani, akaizunguka pikapu polepole, mkono mmoja mgongoni. Hakusifu kitu. Akasimama penye dirisha ambapo redio ilikuwa inalia.

"Umeivalisha vizuri," akasema. "Lakini umelala chini yake siku gani? Na hii kelele, ikinyamaza utajuaje?"

Aliniuliza hayo mbele ya mke wangu, bila kupandisha sauti. Nilisikia aibu, nikataka kujitetea kwamba fundi ameikagua. Akaniambia kuwa fundi anaijua siku moja, mwenye gari anaijua kila siku. Kisha akatuletea chai.

Tulikuwa tunakunywa, Neema anatazama uani akiwaza mambo yake, akaanza kuvuma. Mama Kobusingye akaweka kikombe chini. Akamuuliza nani amemfundisha huo wimbo. Neema, kama kawaida, hakujua kwamba alikuwa anaimba. Ndipo yule mama akatueleza kwamba mume wake alikuwa na desturi ya kuvuma hivyo akiendesha. Haukuwa na maneno, wala haukuwa wimbo wa kanisa au wa jeshi. Yeye mwenyewe hakuwahi kuusikia kwa mtu mwingine duniani. Hakuna aliyemaliza chai.

Nilipofika nyumbani niliing'oa redio.

Sasa sikia siku yenyewe. Mdogo wake Neema, Riziki, alikuwa anafunga ndoa Nyamitanga, ng'ambo ya mto Rwizi, kwa maana bwana-arusi alikuwa mtu wa huko. Mimi ndiye niliyepewa heshima ya kumpeleka bibi-arusi. Riziki na Neema walikaa mbele nami. Nyuma walikaa mashangazi na wanakwaya, na mjomba wao, mzee mkali aliyevaa koti zito. Gari ilijaa kuliko nilivyozoea, lakini si nilikuwa nimeongeza springi? Tuliondoka asubuhi, jua limeshapanda, lakini kwenye bonde la kinamasi ukungu ulikuwa haujaondoka. Ulikuwa mzito kama maziwa. Niliona mafunjo ya kando ya barabara, zaidi ya hapo sikuona kitu.

Gari ilikuwa inaimba. Tulikuwa tumeizoea, hata Riziki hakujali. Tukaanza mteremko unaoishia kwenye kona kali, yenye kinamasi chini yake. Sauti ikapanda, ikakaa juu. Haikushuka; ilikatika.

Nilingoja. Mwendo ulikuwa uleule, moteri inanguruma vilevile, lakini nyuma ya kisogo changu palikuwa patupu. Sijui nikuelezeje. Ni kama umelala na mtu kitanda kimoja, halafu ghafla humsikii akipumua.

Wahenga walisema, kimya kingi kina mshindo mkuu. Na bado nilisita, mwanangu. Niliwaza gauni jeupe la Riziki kwenye matope. Niliwaza watakavyosema kwamba mimi Asukulu nimeogopa gari yangu mwenyewe. Neema akaniwekea mkono juu ya mkono wangu ulioshika volani.

"Miye pia nimesikia," akasema. "Simamisha."

Nikasimamisha, nikawaomba wote washuke. Mjomba alikasirika. Akataka kujua kwa nini bibi-arusi ashuke katikati ya pori bila sababu, na mimi sikuwa na sababu ya kumwambia mtu mzima mbele ya watu. Neema ndiye aliyemshika mdogo wake mkono akamshusha, na wengine wakafuata wakinung'unika. Nikazima moteri.

Tulisimama pale. Hakuna ndege aliyelia, hakuna chura. Upepo haukuwepo hata wa kutikisa jani la funjo. Ndipo tukausikia.

Haukutoka kwenye gari. Ulitoka mbele yetu, barabarani, ndani ya ukungu, mtu anavuma kwa mdomo uliofumbwa. Ulikuwa unateremka kuelekea kona, taratibu, kama mtu anayetembea bila haraka. Ulianzia pale pale ulipokatikia, ukashuka, ukaanza upya. Shangazi mmoja akafungua kinywa kama anataka kuuitikia, Neema akamziba kwa kiganja. Mjomba akavua kofia. Tuliusikiliza ukienda, ukapinda kona, ukawa mdogo, mpaka hatukujua kama bado tunausikia au tunaukumbuka.

Nyuma yetu chuma kikalia.

Tuligeuka. Kamiyoneti ilikuwa imesimama tupu, haina mtu, moteri imezimwa. Sehemu ya nyuma ikainama polepole mbele ya macho yetu, ikagusa ardhi, kama ng'ombe anayepiga magoti. Nilijilaza matopeni nikatazama chini. Chasisi, uti wa mgongo wa gari, ilikuwa imekatika upande mmoja, nyuma tu ya kiti cha mbele, na upande wa pili ulishikwa na kipande chembamba kama ganda la muhogo. Ufa wenyewe haukuwa wa siku ile. Ndani yake kutu ilikuwa nyekundu, ya zamani, na mahali ulipoanzia palikuwa na tundu la kiungo kilichochomelewa miaka mingi nyuma. Springi nilizoongeza na mizigo niliyojivunia ndivyo vilivyoumalizia. Kwenye ile kona, na watu wote wale nyuma, asingebaki yule mjomba, wala Riziki, wala pengine mimi wa kunywa chai nawe hapa.

Tulipiga simu, zikaja pikipiki. Riziki alifika Nyamitanga na matope mpaka magotini, akafunga ndoa yake. Unawajua watoto wake.

Sula alipoichomelea chasisi upya, alinieleza kwamba upepo ukipita kwenye tundu la chuma chenye uwazi ndani hulia kama filimbi, na ufa ukipanuka filimbi hunyamaza. Ni kweli, na nilimwamini. Lakini Sula hakuwa pale kwenye ukungu.

Nilikwenda kwa Mama Kobusingye kumsimulia. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani. Akaniuliza jambo moja tu.

"Ile sauti ilikuwa inaenda upande gani?"

Nikamwambia ilikuwa inakwenda mbele, inateremka, inatuacha. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepokea habari za msafiri.

"Sawa," akasema. "Basi amefika."

Kamiyoneti niliiendesha miaka mingi baada ya hapo, nikaifanyia kazi mpaka ikachoka yenyewe. Haikuimba tena. Na ule wimbo, mwanangu, hakuna hata mmoja wetu anayeukumbuka. Neema amejaribu. Mimi nimejaribu. Tunajua tu kwamba ulipanda na kushuka.

Haya, nasaha zangu ni hizi, nazo si za mizimu. Hayo ya mizimu namwachia Mungu. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti: usiipambe gari usiyolijua tumbo lake. Kabla ya kuiinua, lala chini yake, pitisha kiganja kwenye chasisi, pangusa matope uone chuma. Ukiongeza springi, usidhani umeongeza mifupa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kuta nyingine hujengwa makaburini. Sauti usiyoielewa usiifunike kwa sauti nyingine. Hayo yafanye kwa gari, yafanye na kwa nyumba yako: mkeo akilalamika, msikilize, na akiacha kulalamika, kimbia ukamuulize kuna nini. Moyo ukikwambia simama, simama, hata kama nyuma umebeba wakwe na watu wa maana. Aibu ya kusimama bure huisha kabla ya jioni.

Wewe ni kijana mzuri, na mikono yako inajua kazi. Mungu wa baba zetu, aliyetuvusha ziwa na mipaka, aendeshe pamoja nawe. Akupe breki zinazoshika na macho yanayoona mbali. Wanaopanda kwako washuke wakiwa wengi kama walivyopanda, na mama yako asikie moteri yako ikirudi kila jioni mpaka uzee wake. Amina. Sasa nenda kaniletee lile turubai, tulitandike, tulale chini ya hiyo pikapu yako tuitazame wote wawili.