Mikate ya Lavelle Gatewood

Lavelle Gatewood alirudi hapa Pruett mwaka 1986. Hapana, nisianze kwa uongo, ilikuwa 1987. Mwaka 1986 mimi nilikuwa bado Arkansas napakia mchele. Nilipofika Pruett na begi langu moja, yeye alikuwa amenitangulia kwa wiki tatu tu, na mji ulikuwa haujamaliza kumzungumza.

Alikuwa ametoka chuoni. Miaka minne alicheza mpira huko, huu mpira wetu wa kukumbatia na kugongana, wa kofia ngumu na mabega ya kuvaa. Hakuwa yule anayerusha, wala yule anayekimbia nao watu wakapasuka koo. Alisimama kushoto, safu ya mbele, na kazi yake ilikuwa kumkinga mrushaji upande asiouona. Ni kazi ya ajabu. Ukiifanya vizuri hakuna anayekutazama. Ukikosea mara moja, uwanja mzima unakujua jina. Lavelle hakujulikana sana jina, kwa hiyo mwenyewe piga hesabu. Lakini timu za kulipwa zilipoliona goti lake lililoumia zilimshukuru na kumwonyesha mlango wa kutokea.

Hapa kwetu Mississippi mchezaji akirudi nyumbani huuza magari. Ndiyo desturi. Watu waliokushangilia Jumamosi wataona haya kukukatalia Jumatatu. Bwana Harlan Stribling, mwenye uwanja wa magari, alimpa Lavelle koti na meza. Ilidumu miezi miwili. Lavelle alikuwa akiulizwa kama gari ni zima, anajibu kama lilivyo.

"Mwanangu," Stribling akamwambia, "mteja hakuja kuungama."

"Najua, bwana. Ndiyo maana nimekuletea koti lako."

Wakati huo Bi Ernestine Pugh, mkuu wa jiko la shule, alikuwa akitafuta mtu wa kubeba magunia ya unga. Mimi nilikuwa nimeshaajiriwa humo kuosha trei, basi nilimwona siku ya kwanza alipoinamisha kichwa apite mlangoni. Tulidhani atakaa hadi Krismasi.

Kinyozini walimtania sana. Roscoe Tate, kinyozi mwenyewe, alikuwa na ulimi mkali kuliko wembe wake.

"Gatewood, serikali ilikusomesha miaka minne uje kukoroga uji wa mahindi?"

"Na wewe, kaka Roscoe, umekula bakuli ngapi za uji huo?"

"Nilikuwa mtoto."

"Basi ulikuwa mtoto mwenye akili. Nipunguzie hapa nyuma."

Hakuwa akikasirika. Nadhani mtu aliyepigwa kichwa na wanaume wenye kilo mia na thelathini kila Jumamosi hahofii maneno.

Lakini mikate ilimtesa. Bi Ernestine alikuwa na mikate midogo ya chachu, ya mviringo, laini, yenye siagi juu, iliyokuwa ikiokwa katika jiko lile tangu kabla Lavelle hajazaliwa. Alipomruhusu kugusa unga, jitu lile liliukanda hadi meza ikasogea.

"Lavelle."

"Naam, bibi."

"Unga huo umekukosea nini?"

"Hakuna, bibi."

"Basi mbona unaupiga kama umekutukania mama? Uweke chini. Uache upumue. Ukasafishe friji."

Alisafisha friji miaka miwili. Kila siku saa kumi na moja alfajiri yupo, anatazama mikono ya yule mama. Siku moja Bi Ernestine alichukua mkate kwenye trei, akaupasua, akaunusa, akala nusu, nusu akanipa mimi. Akavua aproni yake ya kuokea, akaitundika kwenye msumari wa Lavelle. Ilimfika tumboni tu, kama kitambaa cha kuzuia mate cha mtoto, naye aliivaa hivyo hivyo hadi ilipochanika.

Bi Ernestine alipostaafu, Lavelle akawa mkuu. Jiko lile lina kelele za feni na masufuria, na watu saba tulilisha watoto mia nne kwa saa moja na nusu. Lavelle alileta ishara za mikono, kama zile makocha wanazotumia pembeni ya uwanja. Kiganja kichwani, trei zimepungua. Ngumi mbili, toa mikate. Akivuta sikio, kuna mtoto kwenye foleni ambaye hakula jana, mwongeze bila kumwuliza. Ile ya sikio aliitunga mwenyewe. Chuoni haikuwepo.

Sasa nije kwenye mwaka 2003, na huu nina hakika nao.

Bodi ya shule ilikuwa na watu watano, Stribling akiwa mwenyekiti. Ilikuja kampuni kutoka mbali na chakula kilichogandishwa, kila sahani na karatasi yake ya plastiki, cha kupasha moto tu. Wakisaini, jiko letu linafungwa na sisi saba tunakwenda nyumbani. Bodi ikakubali wiki moja ya majaribio, halafu Jumanne inayofuata wapige kura.

Wakachagua wiki gani? Wiki ya kucheza na Calloway.

Mgeni hawezi kuelewa. Calloway ni mji wa maili kumi na mbili kutoka hapa. Kuna ndugu wa damu ambao hawazungumzi wiki hiyo. Na tangu zamani, Ijumaa ya mechi, vijana wetu hula saa saba mchana: kuku, mboga za majani zilizopikwa na mfupa wa nguruwe, na mikate ile kwa asali inayokamuliwa mabua ya mtama. Hakuna mtu aliyewahi kuigusa sahani hiyo. Mchungaji anaweza kubadilisha saa ya ibada, lakini sahani hiyo habadilishi. Mke wa Stribling alimwambia, nilisikia baadaye: "Harlan, umeangalia kalenda?" Naye akajibu kwamba chakula ni chakula.

Ijumaa ile vijana walikula mikate ya plastiki. Jioni Calloway wakatupiga thelathini na moja kwa sita.

Mkutano wa bodi kwa kawaida huwa na wasikilizaji wanne, mmoja wao amelala. Jumanne ile, saa kumi na mbili jioni, bwalo la shule lilijaa hadi watu wakakaa juu ya meza. Roscoe Tate alisimama wa kwanza.

"Mheshimiwa mwenyekiti, mimi niliuonja ule mkate. Nimekaa kwenye makochi laini kuliko huo, na matamu kuliko huo. Kijana atamzuia mtu vipi na sponji tumboni?"

Wakapiga meza. Mama mmoja akasema mwanawe aliumwa tumbo nusu ya kwanza yote. Mwingine akasema babu yake angefufuka kwa aibu. Kocha Teague wa timu yetu alikaa kando ya ukuta amekunja mikono, anatikisa kichwa kwa huzuni, lakini niliona kwamba lawama kubebeshwa mkate kulimpendeza.

Sisi wa jikoni tulikaa pamoja. Vonda Sykes, mpishi wa mboga, mama wa watoto watatu, alinibana mkono. "Tumeshinda, mzee," akaninong'oneza. "Lavelle anyamaze tu."

Stribling akauliza, "Bwana Gatewood, una la kusema?"

Lavelle akasimama. Ilichukua muda, kwa lile goti.

"Ninalo dogo. Mkate haukupoteza mechi."

Vonda akaufunika uso.

"Tulipoteza kushoto," akasema. "Mara saba yule namba hamsini na tano wao alipita kushoto. Kijana wetu pale ana nguvu na ana moyo, lakini mguu wake wa nje unatangulia kurudi, basi anafungua mlango kabla mtu hajabisha hodi. Si kosa lake, hakuna aliyemwonyesha. Nilisimama hapo miaka minne. Angekula mikate yangu kumi, mlango ungekuwa wazi vilevile."

"Kaa chini, Gatewood," Roscoe akasema, kwa upole kabisa. "Unajichimbia kaburi, ndugu yangu."

"Nitakaa. Lakini msinibakize kazini kwa uongo, kaka Roscoe, maana mwakani tukifungwa mtasema nilizidisha chumvi." Wachache wakacheka. "Vijana wa timu ni arobaini. Ninalisha mia nne. Kuna mtoto hapa hajui hata sheria za mpira, na chakula chake cha maana kwa siku ni kile. Huyo ndiye wa kumpigia kura. Mwulizeni Mzee Purvis anayeosha trei. Yeye ndiye anayejua nani amekula."

Purvis ni mimi. Sijawahi kusimama mbele ya watu isipokuwa kanisani, na huko huwa tumesimama wote. Nikasema nilichojua: kwamba siku ya kawaida namwaga pipa moja la mabaki, na wiki ile ya majaribio nilimwaga mapipa tisa kwa siku, na kwamba Alhamisi nilikuta mkate haujang'atwa, umechorwa macho na mdomo kwa kalamu. Nikakaa.

Halafu mwanamke mmoja wa bodi, mwalimu mstaafu, akasema, "Tupige kura, Harlan." Akainua mkono kwa ajili ya jiko. Wa pili akainua, wa tatu, wa nne. Stribling alimtazama mkewe aliyekaa safu ya mbele na mkoba magotini, kisha akainua na yeye.

Kelele ilikuwa ya uwanjani. Vonda alimrukia Lavelle shingoni, akaning'inia hapo kama koti. Na Kocha Teague, nimpe haki yake, alikuja mbele ya watu wote na kusema, "Nusu saa tu, alasiri. Unaweza kuja kumwonyesha kijana huo mguu?" Lavelle akasema atakuja baada ya kuosha masufuria. Alikwenda msimu wote ule, na mwaka uliofuata Calloway hawakupita kushoto hata mara moja.

Leo anasimamia majiko ya shule tisa. Wapishi hutoka wilaya nyingine kuja kumwangalia akioka. Chuo chake kilimwita, si kwa mpira, bali awafundishe wapishi wao, na alirudi akisema kwamba jitu moja jikoni kule linaupiga unga vibaya sana, na kwamba analipenda.

Mimi sioshi tena, huzunguka tu. Lakini kuna jambo nimeuliza kinyozini kwa Roscoe, nimeuliza kanisani, nikamwuliza Lavelle mwenyewe, na kila mmoja alipata ghafla kazi ya kufanya. Ijumaa ile, na mikate ile ya plastiki, kama tungewafunga Calloway, nani angekuja kwenye mkutano?