Nilivyoinyamazisha Picha ya Mama Yake Shosho

Nimekosa, na msiniambie ati sikujua. Sikujua kwa sababu sikuuliza!

Ninatunza wazee hapa Temple Hills, ughaibuni. Huyu alikuwa nyanya Mjapani, miaka tisini na zaidi. Nilimwita Shosho kama tunavyowaita wa kwetu, naye akaitika.

Kila akimaliza chai alitaka nimwekee picha moja ya sinema, ya zamani, isiyo na sauti. Msichana amesimama mlangoni, analia. "Mama yangu huyo," aliniambia. "Aliigiza nyingi, zikaungua. Kimebaki kipande hiki tu."

Sasa picha ikianza, Shosho naye anaanza Kijapani. Mara sauti nzito ya mwanaume, mara ya binti, mara ya kizee. Jamani, niliogopa!

Nikamwambia rafiki yangu wa kanisani. "Wee! Hayo ni mapepo, dada. Unangoja yakurukie?" Yeye alikuwa anatania. Mimi sikucheka.

Nikampigia simu mwana wa Shosho: mama anaongea na watu wasiokuwepo. Kusema haki, kuripoti ni kazi yangu, na mwanawe mwenyewe hajui Kijapani. Lakini habari ya picha sikuitaja! Daktari akampa dawa. Shosho akanyamaza, na mimi, ole wangu, nikamshukuru Mungu.

Halafu mjukuu wake wa kike akaja kutoka Japani, kumrekodi sauti zake hizo. Ndipo nikaelezwa. Zamani kule, picha za kimya zilikuwa na msimulizi, anakaa kando ya pazia akitoa sauti za wote. Babake Shosho alisimulia picha za yule msichana, mpaka wakaoana. Picha zenye sauti zilipoingia, baba akakosa kazi. Mama naye watu wakacheka lafudhi yake ya mashambani, akaacha kuigiza. Baba akamfundisha binti yao maneno yale yote. Hayakuandikwa popote.

Dawa zilipunguzwa. Shosho hakuongea tena. Labda ni dawa, labda ni umri, siwezi kuapa.

Mjukuu akasimamisha picha pale mlangoni, akanigeukia. "Wewe ulimsikia kila siku. Hapa alikuwa anasema nini?"

Sikuwa na hata neno moja!

Ninyi mnaotunza wazee wa watu, nawasihi. Mzee akisema usichoelewa, keti, umuulize yeye mwenyewe kabla hujashika simu. Shosho angenijibu. Alipenda sana kueleza habari za mamake.