Miezi Tuliyofungiwa Ndani

Nilizaliwa na hasira, na mwaka ule nilikuwa nazo za kugawia majirani. Ilikuwa miaka ya sabini, kwetu Buger, na mdogo wetu wa kiume, bado ananyonya, alikuwa amefariki kwa homa. Kwa sisi Wairaqw wa wakati ule, mama akifiwa na mtoto anayenyonya, nyumba yake iliingia metimani. Alitengwa yeye na wanawe. Hampeani mikono na watu, hamchoti maji kwenye chemchemi ya wote. Tulikuwa tumebatizwa, lakini bibi mzaa baba alisema ubatizo hauondoi mkosi, na baba hakuthubutu kumbishia mama yake.

Basi tukakaa ndani: mama, mimi wa miaka kumi na miwili, na mdogo wangu wa kike wa miaka minne. Nyumba ilikuwa tembe la zamani lililochimbiwa ubavuni mwa kilima, giza hata saa sita mchana. Shule niliisikia kengele tu. Nilimchukia bibi, na sioni haya kusema hivyo.

Mdogo wangu huyo wa kike, ambaye tulikuja kumzika akiwa na miaka tisa, alizaliwa na ngozi nzuri kuliko sisi sote. Alipoanza kutambaa nje, uso ukajaa madoa meusi, midomo ikapasuka, macho yakachuruzika machozi kila alipotoka mlangoni. Watu walisema mama alivunja mwiko akiwa na mimba. Bibi hakusema hivyo waziwazi. Alisema tu, "Kikulacho ki nguoni mwako," huku akimwangalia mama.

Mle gizani vidonda vyake vilikauka. Macho yakawa maangavu, akaanza kucheka na kuimba. Bibi alipotuletea unga alisimama mbali, akauacha chini, akasema, "Mnaona? Metimani inamsafisha." Nilimjibu kimoyomoyo kwa maneno nisiyoweza kuyaandika.

Siku tuliyofunguliwa, kondoo alichinjwa na watu wakatushika mikono tena. Kesho yake asubuhi nilimchukua mdogo wangu hadi shamba la maharage. Alijificha ndani ya khanga yangu. Nikaivuta.

"Acha woga," nilimwambia. "Jua ni dawa. Tumefungwa vya kutosha."

Nilifanya hivyo msimu mzima, kila siku niliyopata nafasi, kwa kumpenda yeye na kwa kumkomoa bibi. Sijui kipi kilizidi.

Madoa yalirudi, na baada ya muda kikatokea kidonda puani, chekundu, kisichosikia dawa yoyote. Kilipofika ukubwa wa punje ya mahindi, baba alituombea lifti ya lori hadi Karatu, na kutoka pale tukafika hospitali ya misheni.

Daktari alikuwa mtu wa Mbulu, mpole, si mwepesi wa kusema. Alimpima mtoto, kisha akashika pindo la khanga ya mama palipokuwa na kiraka.

"Jua linachana ngozi ya kila mtu, mama. Hata yangu. Michano midogo, jicho haliioni. Mwilini yumo fundi anayeshona kila siku. Huyu mtoto amezaliwa bila fundi huyo. Michano ikirundikana, ngozi inaharibika, inaota saratani."

"Nani kampa?" aliuliza baba.

"Nyote wawili. Kila mmoja wenu ana fundi mmoja mzima na mmoja mbovu, na yule mzima anawatosha. Mtoto huyu alirithi wabovu wote wawili."

Mama alilia. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia mtu akisema kosa halikuwa lake peke yake.

Ndipo daktari akauliza kama kuna wakati wowote mtoto alikuwa na nafuu. Mama akasema, "Tulipokuwa metimani." Daktari akaweka kalamu chini. Mama akageuka akaniangalia, na mpaka leo namuomba Mungu nisiangaliwe hivyo tena na mtu ninayempenda.

Walikikata kile kidonda. Daktari alisema vingine vitakuja, na njia ya kuvichelewesha ni moja tu: mchana mtoto asitoke nje kabisa.

Tulirudi Buger. Nilichukua ngozi ya ng'ombe nikaziba tundu la mwanga, kisha nikaenda mlangoni. Bibi alikuwa uani, hakuniagiza. Safari hii niliufunga mimi. Mdogo wangu alikuwa ameketi kitandani, pua imefungwa bendeji, anatazama mikono yangu.

"Dada," aliniuliza, "nani amekufa tena?"